Oveni si kabati la masufuria

Katika nyumba nyingi za mjini zenye jiko kubwa la kusimama, ukifungua mlango wa oveni hukuti chakula. Unakuta masufuria, vikaango na mifuniko iliyopoteza wenzake. Oveni hiyo huamshwa Idi au Krismasi, ikaoka keki, kisha ikarudi kuwa kabati. Juu yake, kila jioni ya siku ya kazi, kuna mtu amesimama anakoroga, anageuza, anachungulia, na mara nyingi mtu huyo ni mwanamke aliyetoka kazini saa ileile waliyotoka wengine. Nasema tumekiweka pembeni kifaa kinachofaa kuliko vyote kwa chakula cha jioni, na mlo wa kuanzia ni mwepesi: soseji chache na mboga nyingi, zote katika trei moja.

Utafiti wa matumizi ya muda uliofanywa Kenya mwaka 2021 ulionyesha kuwa wanawake hutumia asilimia 18.7 ya muda wao katika kazi za nyumbani na malezi zisizolipwa, wanaume asilimia 3.6. Katika siku ya saa 24, hizo ni karibu saa nne na nusu kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili dakika zisizofika sitini. Saa hizo si za kupika peke yake, lakini kupika ndiko kunakorudi kila siku bila likizo. Tanzania nayo ilizindua Mei 2024 mkakati wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia, unaolenga asilimia 80 ya wananchi wawe wanaitumia ifikapo 2034. Ni lengo jema, maana moshi wa kuni na mkaa unaua. Hata hivyo mjadala wetu umeishia kwenye kinachowaka chini ya sufuria, na ni nadra kusikia mtu akiuliza mpishi anasimama hapo kwa muda gani. Mtungi wa gesi huondoa moshi, lakini haumtoi mtu mbele ya jiko.

Trei inamtoa. Kwenye kikaango moto unatoka chini tu, kwa hiyo lazima awepo wa kugeuza. Ndani ya oveni joto linakizunguka chakula. Washa oveni ifike nyuzi joto 200. Kwa watu wanne, kata viazi mviringo vinne au vitano na karoti tatu, vipande vya ukubwa wa kidole gumba. Vichanganye na vijiko vitatu vya mafuta, chumvi, pilipili manga na binzari nyembamba, vitandaze kwenye trei, ingiza. Baada ya robo saa ongeza soseji nne, vitunguu viwili, hoho mbili na biringanya moja, navyo vikiwa vimeguswa mafuta kidogo, uache dakika 20 hadi 25 nyingine. Viazi na karoti hutangulia kwa sababu ni vigumu. Vikiingia pamoja na hoho, hoho itaungua huku viazi bado vibichi katikati. Soseji zilizonunuliwa mbichi ziive mpaka ndani, yaani nyuzi 71, na 74 kama ni za kuku. Lakini kosa linaloharibu mlo huu kuliko jingine lolote ni kurundika. Mboga zina maji mengi. Zikibanana mvuke hukosa pa kutokea, na palipo na maji joto halipiti nyuzi 100, kwa hiyo utatoa mboga zilizochemka na kulegea. Zikipewa nafasi, maji hukauka upesi, uso wa kiazi hupanda kupita nyuzi 140, na hapo ndipo rangi ya kahawia na ile harufu ya kuokwa huanza. Ni afadhali trei mbili zenye nafasi kuliko moja iliyofurika. Mwisho kamulia ndimu. Mikono imefanya kazi robo saa hivi ya kumenya na kukata. Kilichobaki ni kazi ya moto.

Watu watasema hiki ni chakula cha wageni. Soseji kweli ni za kuja, lakini njia yenyewe watu wa pwani wanaijua siku nyingi. Mkate wa kumimina huivishwa kwa makaa chini na makaa juu, na wali hupaliwa, yaani huwekewa makaa juu ya mfuniko, ili ukauke vizuri. Kupalia ni oveni isiyo na mlango, na mpishi akishapalia huenda zake. Mboga nazo ni za kwetu: viazi vya Njombe, karoti na hoho za Lushoto, vitunguu vya Mang'ola au Ruaha Mbuyuni. Viazi vitamu vya Gairo, kwa maoni yangu, vinavipita viazi mviringo kwenye trei, kwa kuwa utamu wake hukolea kingoni. Anayeona hajala bila ugali asonge ugali wake. Tukiuliza leo kuna mboga gani, jibu laweza kuwa nyama, dagaa au mchicha, na trei hii yote inastahili jibu hilo.

Pingamizi zito linahusu soseji zenyewe. Oktoba 2015 wakala wa utafiti wa saratani ulio chini ya Shirika la Afya Duniani uliziingiza nyama za kusindikwa, soseji zikiwemo, katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Ulikadiria kuwa kila gramu 50 zinazoliwa kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18 hivi. Kundi hilo hupima uzito wa ushahidi, halipimi ukubwa wa hatari, kwa hiyo si kweli kwamba soseji ni sawa na sigara. Hata hivyo onyo hilo ni la kuchukuliwa kwa uzito, na ndiyo maana nimesema soseji nne kwa watu wanne, na si kila siku. Soseji iliyokatwa vipande hutoa mafuta na chumvi yanayokolea kwenye trei nzima. Kazi yake ni kuunga mboga. Sahani ya soseji tatu na chipsi, ambayo ndiyo tuliyoizoea, inageuza hesabu hiyo kichwa chini. Shirika hilohilo la afya linashauri angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, bila kuhesabu viazi, na hoho, karoti na biringanya za trei hii zinachangia sehemu nzuri. Asiyezitaka soseji kabisa, au asiyeona alama ya halali kwenye pakiti, aviringe nyama ya kusaga na kitunguu saumu na giligilani, au aweke vipande vya kuku. Dakika zitabadilika kidogo, njia ni ileile.

Kuhusu umeme, oveni ya wati 2,000 ikiwaka mfululizo dakika 45 hula uniti moja na nusu, na kwa kuwa hujizima na kujiwasha joto likifika, hula pungufu ya hapo. Si bure, lakini linganisha na sufuria tatu zinazopokezana jiko jioni nzima. Kwa nyumba zisizo na oveni, na ndizo nyingi, sufuria pana yenye makaa juu na chini itafanya kazi hiyo, ingawa moshi wa mkaa unabaki.

Ninachokithamini zaidi ni kwamba trei haihitaji mkono wenye uzoefu. Pilau humtaka anayejua, na ugali usiosongwa vizuri humwumbua msongaji. Hapa mtoto wa darasa la saba atamenya karoti chini ya uangalizi, na baba asiyewahi kushika mwiko atatandaza viazi na kutazama saa. Wapo wanaoamini kwamba upendo wa mama huonekana katika kuhangaika kwake jikoni. Sawa, mapishi ya Idi, ya harusi na ya Jumapili yabaki na saa zake ndefu, kwa kuwa huko watu hupika pamoja na raha imo humohumo. Lakini Jumanne usiku hakuna sherehe, kuna uchovu tu. Wa kuanza leo aanze kwa kutoa masufuria, afute ndani, kisha aiwashe oveni ikiwa tupu dakika kumi madirisha yakiwa wazi, vumbi na mafuta ya zamani yaungue kabla chakula hakijaingia.