Filta ya Kijivu kwa Mpiga Picha wa Milimani: Ukingo Kwanza, Giza Baadaye

Niseme mapema tusipotezeane muda. Kama unapiga picha za mandhari huku kwetu Nkubu, na mfuko unaruhusu filta moja tu, nunua ya mstatili, ya stopu tatu, yenye ukingo laini. Zile za ukingo mkali tuwaachie wenzetu wa Lamu na Diani. Sababu ninazo.

Kwanza kwa wageni wa mambo haya. Filta ninayoizungumzia ni kipande cha kioo au plastiki kinachokaa mbele ya lenzi. Nusu ya juu ni ya kijivu, nusu ya chini ni wazi, hivyo inapunguza mwanga wa anga bila kuigusa ardhi. Namba zake ni rahisi: 0.3 inapunguza stopu moja, 0.6 stopu mbili, 0.9 stopu tatu. Kila stopu inaugawa mwanga kwa mbili, kwa hiyo 0.9 inapitisha sehemu moja tu kati ya nane. Waandishi wa programu wenzangu wameshaona: ni vipeo vya mbili tu.

Sasa tuje Nkubu. Sisi tuko upande wa mashariki wa Mlima Kenya. Asubuhi jua linachomoza nyuma ya mpiga picha na kupiga vilele kwanza, mpaka Batian yenye mita 5,199, wakati mabonde na migomba bado yako kivulini. Na huo ndio wakati wenyewe, maana mara nyingi ikifika saa nne mawingu yameshaufunika mlima. Ukipima mwanga kwa migomba, mlima unakuwa karatasi nyeupe. Ukipima kwa mlima, shamba linakuwa masizi.

Wengi wakifika hapo wanauliza, "Ninunue giza kiasi gani?" Mimi nasema uliza kwanza ukingo. Baharini upeo ni mstari mmoja ulionyooka, kwa hiyo ukingo mkali unakaa juu yake bila kuonekana. Huku kwetu upeo ni vilima, migrevilea na paa za mabati, na juu ya hapo mlima wenyewe. Weka ukingo mkali uone: mti unakatwa katikati, chini kijani, juu mweusi. Picha kama hiyo inajisema yenyewe kwamba imewekewa filta. Ukingo laini unafifia polepole na macho hayaoni ulikopita.

Giza linafuata, nalo linapimwa. Acha tundu la lenzi palepale, pima ardhi, kisha pima anga. Tuseme ardhi imetoa 1/30 ya sekunde na anga 1/500. Hesabu: 60, 125, 250, 500. Hizo ni stopu nne. Filta ya stopu tatu inabakiza moja, na ni vizuri ibaki, kwa sababu macho yetu yamezoea anga kuwa na mwanga kuliko shamba. Tofauti ikiwa stopu mbili tu, iache filta kwenye begi.

Najua swali linalokuja: wewe ni mtu wa programu, kwa nini usirekebishe kwenye kompyuta? Faili ghafi ya biti 14 ina ngazi 16,384. Pikseli ikishajaa mpaka juu, hakuna habari iliyobaki. Programu inaweza kukisia, lakini haiwezi kurudisha kisichoandikwa. Na ukipiga kwa giza ili kuokoa anga, shamba linasukumwa chini: stopu ya juu kabisa ina ngazi 8,192, ya tano kutoka juu ina 512 tu. Kamera za leo zinavumilia hilo kuliko za zamani, lakini chenga kwenye vivuli bado zipo. Kuunganisha picha mbili au tatu pia ni njia nzuri, nami naitumia hewa ikitulia. Upepo ukianza kutikisa majani ya migomba, kila picha ina jani mahali pake, na programu inatoa mizimu.

Wengine wataona haya ni mambo ya urembo tu. Hapana. Barafu ya Mlima Kenya inaisha. Picha za msafara wa Mackinder wa mwaka 1899 zimewasaidia watafiti kulinganisha barafu ya zamani na ya baadaye. Picha zetu nazo zitatazamwa na watu watakaotaka kujua mlima ulikuwaje. Kilele kilichoungua kuwa cheupe hakitawaambia barafu ilikomea wapi na jiwe lilianzia wapi.

Mwisho, dukani. Usinunue ya duara ya kusokota kwenye lenzi, kwani mpaka wake umefungwa katikati na mandhari hayapangwi kwa amri ya filta. Ya mstatili unaiteremsha na kuipandisha kwenye kishikio chake. Plastiki ni nafuu ila inachubuka. Kioo hakichubuki haraka ila kikianguka umekwisha. Jambo la kuogopa zaidi ni rangi: baadhi ya filta za bei ya chini hupaka anga uzambarau. Kabla ya kulipa, piga karatasi nyeupe bila filta, kisha na filta, ulinganishe. Karatasi ikigeuka rangi, mrudishie muuzaji filta yake.