Kiwanja cha kambi, kikombe cha inchi

Baba na mama wa kambi za mine, CHAN ni mashindano ya wachezaji wanaocheza ndani ya inchi yao tu. Wale wa Ulaya hawaingie. Na sisi tuko na vikombe viwili: 2009 kule Abidjan, na 2016 kwa jirani, Kigali. Pale tulitosha Rwanda yenyewe 2-1, kisha tukapiga Mali 3-0 kwenye finali.

Mwaka 2025, kule Nairobi, tulishinda Zambia, jirani wetu wa Kasumbalesa, 2-0. Lakini Kenya na Maroko walitupiga, tukarudia nyumbani mbio.

Watu wanasema: kosa ni ya kocha. Sisi tunauliza: pale kiwanja cha kambi kinakatwa parcelles na kuuzishwa, mtoto atajifunzia mupira wapi?

Sheria ya mine ya 2018 inalazimisha kampuni inayochimba kutosha hata 0,3% ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji. Siku ya kupanga cahier des charges, tuombe maji na shule, ndiyo. Tuombe na kiwanja, pamoja na karatasi yake, kusudi mtu asikiuzishe kesho.