Kidonge Kidogo cha Usiku Si Upungufu wa Imani



Sisi tunaoshona nguo za wanawake hujua mambo kabla ya jamaa. Mtu anakuja kupimwa, ukimzungushia futi kifuani ndipo unapogundua kuwa upande mmoja haupo. Hapo tunarudisha mlango wa duka, na mazungumzo yanaanza.

Alikuja mteja wetu, mama wa makamo. Keshamaliza upasuaji, dripu na mionzi ya kule Ocean Road, Dar es Salaam, na safari zake zote za boti. Akabakiwa na tamoksifeni, kidonge cha miligramu 20 kila siku kwa miaka 5 au zaidi. Alitaka tumpunguzie magauni. Katikati ya maneno akatuambia kidonge hicho kakiacha. Hakumwambia daktari, hakumwambia mumewe. Sababu ni fukuto. Anaamka mara tano usiku, shuka imelowa, moyo unamwenda mbio, na asubuhi hana nguvu hata ya kukuna nazi.

Kilichotuuma zaidi ni kuwa dawa ya kumsaidia alishapewa. Daktari alimwandikia venlafaksini, miligramu 37.5. Kijana wake akasoma karatasi iliyomo ndani ya boksi, akakuta ni dawa ya sonona. Nyumba nzima ikashika vichwa: kwani mama kaonekana hana akili? Shangazi mtu akasema anayesali sala tano na kusoma Qur'an hana haja ya dawa ya huzuni. Boksi likapandishwa juu ya kabati.

Sisi tunasema hapo walimkosea, ingawa kwa mapenzi. Dawa moja huweza kuwa na kazi zaidi ya moja, na kipimo ndicho kinachoamua. Venlafaksini kwa dozi ndogo hupunguza fukuto kwa wanawake wengi wanaotumia tamoksifeni. Amitriptilini nayo vivyo hivyo: miligramu 10 au 25 za usiku hutolewa kwa maumivu ya mishipa ya fahamu, yale ya kuungua kwapani baada ya kupasuliwa, na husaidia usingizi. Anayetibiwa sonona kwa dawa hiyo hupewa mara kadhaa zaidi ya hapo. Na hata kama ingekuwa sonona kweli, basi ni aibu gani? Mtu kakatwa titi, nywele zimetoka, halafu tunamshangaa akilia.

Kuhusu imani, Mtume wetu (S.A.W.) alihimiza kutafuta tiba, na nani kati yetu ana tawakkul kumshinda yeye? Kichwa kikituuma tunameza panadoli bila kumwita shekhe.

Tamoksifeni inazuia homoni ya kike isizilishe chembe za saratani zilizojificha, na fukuto hutokana na kazi hiyohiyo. Ubaya wake ni huu: ukiiacha huumwi. Unajisikia vizuri! Unalala, unacheka, unaona umepona. Ndiyo maana wengi wanaiacha kimyakimya, na ndiyo maana tunakiheshimu kile kidonge kidogo kinachomwezesha mtu kuendelea na kile kikubwa.

Lakini tusielewane vibaya. Hatusemi mtu aende duka la dawa akanunue. Jamaa yetu mmoja, naye yumo kwenye tamoksifeni, alilalamika hana raha, muuzaji akampa fluoksetini bila kumuuliza anatumia nini. Fluoksetini, na mwenzake paroksetini, huzuia ini lisiigeuze tamoksifeni kuwa ile hali yenye nguvu ya kufanya kazi. Yaani unameza dawa ya saratani kila siku na faida yake inapungua bila wewe kujua. Kwa hiyo ukienda kliniki beba vyote kwenye mfuko mmoja: vidonge, mafuta ya habasoda, mizizi uliyoletewa kutoka shamba, hata vile unavyoona haya kuvitaja. Na usiache venlafaksini ghafla, hupunguzwa polepole, la sivyo kizunguzungu na kichefuchefu vitakushika. Amitriptilini hukausha mdomo na kuleta usingizi mzito; wengi huambiwa waimeze mapema jioni ili waamke Alfajiri bila kupepesuka. Mwezi wa Ramadhani ukikaribia, muulize daktari kabla, usijipangie saa mwenyewe.

Waume nao tunawaomba jambo moja. Msiisome karatasi ya dawa kwa sauti mbele ya wifi na mashemeji.

Mama yule tulimsindikiza kliniki, maana peke yake alikuwa hataki. Daktari hakumgombeza. Alimsikiliza, akamrudisha kwenye tamoksifeni, akamweleza ile dozi ndogo ni ya nini, na safari hii kijana wake alikuwepo akasikia mwenyewe. Boksi likateremshwa kabatini. Sasa anaamka mara moja, siku nyingine mbili. Fukuto halijaisha lote, kwa hiyo gauni lake la arusi ya bintiye tumelishona kwa pamba tupu, bila bitana, na vifungo vya mbele ili likimpanda alegeze upesi. Upande wa kushoto tumeweka pedi ya kitambaa laini. Kajitazama kwenye kioo muda mrefu, kisha akatuuliza kama mtandio wa kijani utaendana nalo.