Mapenzi ya Runinga na Binti wa Msambweni

Tamthilia za mapenzi za runinga zimekistawisha Kiswahili; hilo sharti tulikiri. Maria, iliyoanza kuonyeshwa na Citizen mwaka 2019, na Sultana ya mwaka 2022, yenye lafudhi na desturi za Pwani, ziliwapa watazamaji badala ya michezo ya Meksiko.

Hata hivyo, lipo jambo linalotia shaka. Maria, msichana wa mtaa wa mabanda, aliingia katika nyumba ya matajiri, akapendwa na Luwi, mwana wa nyumba hiyo. Kwingineko hiyo yaweza kuwa hadithi tu. Hapa Kwale ni chambo. Mwaka 2006, ripoti ya UNICEF na Serikali ilifichua jinsi watoto wa Pwani, wakiwemo wa Kwale, walivyodhulumiwa kimapenzi na watalii pamoja na Wakenya wenzetu. Aghalabu mtego huo hutegwa kwa ahadi ya tajiri mwenye huruma.

Walimu wenzangu, tusizipige marufuku tamthilia hizi. Tuwaulize wanafunzi darasani: je, Maria angekuwa nani lau Luwi hangempenda? Binti wa Msambweni na alijibu swali hilo mapema, kabla hajaulizwa ufuoni Diani. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.