Vidonge vya Chupani na Majani ya Guniani

Vijana wetu waliotoka pwani kwenda kutafuta riziki Nairobi, wakakaa Kibera na Kawangware, wametuuliza juu ya vidonge vinavyotembezwa mitaani, ambavyo wauzaji huvisifu kuwa vimejaa flavonoidi na kwamba huondoa presha.

Flavonoidi ni vitu ambavyo mimea hujitengenezea yenyewe. Baadhi yake ndizo zilipazo tunda la zambarau rangi yake. Mwaka 1936 mtaalamu wa Hungaria, Albert Szent-Györgyi, na wenzake walizipa jina la vitamini P, nalo baadaye likaachwa, kwani haikuthibitika kuwa ni vitamini. Mwaka 1993 wataalamu wa Uholanzi wakatoa habari za wazee wanaume 805 wa mji wa Zutphen: waliozila kwa wingi walikufa kwa maradhi ya moyo kwa uchache kuliko waliozila kidogo. Wazee hao walizipata zaidi katika chai, vitunguu na matufaha, si katika chupa ya vidonge. Kwa insafu twaongeza kwamba uchunguzi wa namna hiyo huonyesha mambo mawili yanayofuatana, wala hauthibitishi kuwa moja limezaa jingine.

Basi mkaazi wa Kibera hakunyimwa. Baada ya machafuko ya mapema mwaka 2008, shirika la Kifaransa la Solidarités lilieneza huko kilimo cha magunia: gunia hujazwa udongo, katikati hupangwa vijiwe ili maji yashuke, na ubavuni hutobolewa matundu ya kupandia sukuma wiki. Jani hilo la kila siku lina kwesetini na kemferoli, flavonoidi zilizochunguzwa sana. Sokoni Kawangware kijana wa pwani asibabaishwe na majina: terere ni mchicha wetu, managu ni mnavu, saga ni mgagani. Kitunguu chekundu nacho kina kwesetini nyingi, hasa tabaka za nje, kwa hiyo kimenywe kwa uchumi. (Akilaye kibichi anajua adabu ya msikitini, kikaangwe.)

Hasara kubwa hutokea jikoni. Flavonoidi hutoka na maji, na wengi huchemsha managu kisha humwaga maji ili kuondoa uchungu. Mboga ioshwe kabla ya kukatwa, ipikwe kwa maji machache, na mchuzi wake uliwe. Asiyeweza uchungu achanganye managu na terere, kama wafanyavyo wenyeji.

Mwenye presha asiache dawa ya daktari kwa ajili ya mboga wala vidonge. Na vidonge hivyo amwonyeshe mfamasia kabla ya kuvimeza. Anunuapo mboga, aulize imenyweshwa maji gani, kwa kuwa mjini baadhi ya mashamba hunyweshwa maji ya mifereji michafu. Tope la juu huoshwa, lakini madini ya risasi yaliyokwisha kuingia ndani ya jani hayatoki kwa kuoshwa.