Michezo ya Kale Isitupwe kwa Kuja Tarakilishi Mpya

Wahenga walinena: usiache mbachao kwa msala upitao. Usemi huu wafaa kukumbukwa wakati huu ambapo shule za Kakamega, kama za kwingineko nchini, hazina budi kufikiria kununua tarakilishi mpya. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma za kawaida kwa mfumo endeshi wa Windows 10, na mashine nyingi za zamani hazikidhi masharti ya Windows 11.

Hapana ubaya katika kununua kipya. Ubaya umo katika yale yanayotupwa pamoja na kikuukuu. Katika kabati za maabara bado mna disketi za michezo ya kufunzia hesabu, tahajia na kupiga chapa. Mojawapo ni Mavis Beacon, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1987. Wako waliojifunza kwayo kuchapa bila kutazama vidole, wakidhani Mavis ni mwalimu wa kweli, kumbe ni jina la kubuni.

Mwalimu akijaribu kuendesha programu ya aina hii katika mashine mpya, huambiwa kwamba haiwezi kutumika, naye hukata shauri kwamba imeharibika. La hasha! Programu za enzi ya DOS ziliandikwa kwa biti 16. Windows ya biti 32 iliweza kuzipokea. Ile ya biti 64 haiwezi, na Windows 11 haina toleo la biti 32.

Hata hivyo, njia ipo. DOSBox, programu isiyolipiwa ambayo imekuwapo tangu mwaka 2002, huiga mashine nzima ya zamani ndani ya tarakilishi mpya: sauti yake na hata mwendo wake wa pole. Mwendo huo una maana, kwani baadhi ya michezo ilitungwa kwa kasi ya mashine za siku zile. Ikiachiwa kasi ya leo, hukimbia hata mchezaji asiwahi kubonyeza kitufe.

Huenda akatokea wa kuuliza: shule ina haja gani na michezo? Tunamjibu kwamba mchezo mashuhuri wa The Oregon Trail ulibuniwa mwaka 1971 na vijana watatu waliokuwa wakisomea ualimu huko Minnesota, Marekani, kwa ajili ya kipindi cha historia. Zaidi ya hayo, mwanafunzi anayefufua mchezo wa kale hujionea mwenyewe kazi ya mfumo endeshi, jambo ambalo wenzake hulikariri tu kwa ajili ya mtihani.

Kwa hivyo tunawahimiza walimu wanakili disketi hizo kabla ya mashine kuukuu kuuzwa, maana usumaku wake hufifia kadiri miaka inavyopita. Wanafunzi wapewe kazi hiyo, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Masinde Muliro wawaongoze. Ila nakala zisisambazwe kiholela: ukongwe wa mchezo haufuti haki ya mwenye mali.

Wazazi walikwisha kulipia masomo hayo kwa jasho lao. Si haki kuwatoza mara ya pili kwa sababu tu hatukujua kufungua kabati.