Magoti ya Wazee Wetu na Somo la Baiolojia

 

Ndugu msomaji, misikitini mwetu wapo wazee wanaoswali juu ya kiti kwa sababu ya magoti. Sheria imewaruhusu, hawana lawama. Lakini wengi wao huambiwa kwamba "ute umekauka", kisha wakauziwa chupa ya dawa ya kuurudisha. Maoni yangu ni kwamba hasara hii tunaipata kwa kulipuuza somo la baiolojia.

Mara nyingi tatizo kubwa si ute. Ni gegedu, ile tishu nyororo inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo. Karibu kila seli ya mwili ina jeni zile zile, kiasi cha 20,000 zenye maelekezo ya kutengeneza protini. Mbona basi seli ya gegedu haiwi ya ini? Tazameni darasa letu. Kila mwanafunzi ana Msahafu mzima, lakini huyu amefungua Juzuu Amma na yule Tabaraka. Seli nazo kila moja husoma kurasa zake. Katika gegedu, jeni iitwayo SOX9 ni kama mwalimu anayeonyesha ukurasa: huiwasha jeni ya kolajeni ya aina ya pili, protini inayoipa gegedu uimara. Mwaka 1994 watafiti waligundua kuwa hitilafu katika SOX9 husababisha mtoto kuzaliwa na mifupa ya miguu iliyopinda.

Ukubwani, kolajeni hiyo hutengenezwa kwa uchache mno; tuliyonayo karibu yote ni ya tangu tulipokuwa tukikua. Gegedu haina mishipa ya damu, na seli zake ni chache. Ugonjwa ukiingia, seli hizo hufungua kurasa nyingine na kutoa vimeng'enya vinavyoila kolajeni yenyewe. Ndiyo maana hadi leo haijathibitika dawa ya kunywa wala ya kupaka inayootesha upya gegedu iliyolika. Anayekuahidi hivyo, mdai ushahidi kabla ya kumpa fedha.

Wapo watakaosema kuwa shifaa inatoka kwa Mwenyezi Mungu. Ni kweli kabisa, na Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kutafuta dawa. Huwezi kutafuta vizuri usichokijua.

Basi wazazi, mpelekeni mzee kwa daktari. Uzito ukipungua na misuli ya mapaja ikifanyishwa mazoezi, maumivu hupungua kwa wengi. Nanyi wanafunzi, msiseme baiolojia ni elimu ya watu wengine. Atakayegundua namna ya kuirudisha seli ya gegedu kwenye ukurasa wake bado hajapatikana. Kwa nini asitoke katika madrasa hii?

Wabillahi tawfiq.